Fimbo Mbili za Tata

Kila asubuhi kabla ya shule, Waisiko aliwatoa ng'ombe watatu wa nyumbani kwao, akawapeleka kwenye majani ya mteremko nyuma ya nyumba. Kwao Genkuru kazi hiyo ni ya wavulana. Lakini mama yake, Christina, alikuwa amejaliwa wasichana watupu, na Waisiko mwenye miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alichunga mpaka umande ukauke kidogo, akawarudisha, akanawa miguu, akakimbilia darasa la sita.

Wavulana wa darasani walimwita Mura, jina ambalo Wakurya humwitia kijana wa kiume.

"Mura, leo umechunga au umechungwa?" Hosea alimuuliza siku moja, na wenzake wakacheka.

"Nimechunga. Nimebakiza wewe tu, maana kila ukiitwa ubaoni unapotea njia."

Kwenye jambo moja tu hawakumcheka. Waisiko alijua kuchagua fimbo. Akishaikata, aliishika ncha mbili akaipinda kama upinde. Ikiruka na kurudi bila kupasuka, hiyo ndiyo fimbo. Kisha aliipunga hewani na kusikiliza inavyolia. Hata huyo Hosea, ng'ombe wao wakiwa wakorofi, alikuja kumwomba amkatie moja.

Mwaka huo, mwezi wa kwanza, udongo wa shimo la dhahabu ulimwangukia baba yake. Jina lake ni Stanslaus, lakini nyumbani watoto walimwita Tata, kama Wakurya wanavyomwita baba. Alikuwa mchimbaji mdogo, si mwajiriwa wa mtu. Wenzake walimfukua akiwa hai, wakamfikisha hospitali, na watu wakamshukuru Mungu. Lakini mfupa wa mguu wa kulia, chini ya goti, ulianza kuunga ukiwa umepinda. Tangu hapo mtu yule mkubwa alikaa uani kwenye kiti akiangalia kuku. Akitaka kwenda chooni, ilibidi amshike Waisiko bega. Njiani Waisiko hakumtazama usoni.

Mwezi wa tatu likaja tangazo kanisani. Daktari wa mifupa angefika kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya kilima. Angekaa Jumatano moja tu, baada ya wiki tatu, na saa nane mchana angeondoka. Muuguzi wa zahanati hiyo aliijua habari ya Stanslaus, akamtumia Christina ujumbe: "Mlete. Mguu ule ukionwa sasa huenda ukanyooshwa. Ukishakomaa vile ulivyo, basi."

Tatizo lilikuwa njia. Mvua ilikuwa imesomba daraja la miti, na pikipiki hazikuweza kupita. Ilibaki njia ya miguu, inayopanda kilima na kushuka upande wa pili kwenye mawe. Christina alitaka kutafuta vijana wa kumbeba mume wake kwa machela, naye akakataa.

"Nimebebwa kutoka shimoni, nimebebwa kutoka hospitali. Nitafutieni fimbo mbili za kuegemea. Nitakwenda polepole, nitafika."

Jirani yao, Bibi Scholastica, alikuwepo. Alikuwa mjane, kiongozi wa sala katika jumuiya yao, na kwa sababu ya goti alikuwa anatembea kwa fimbo mwaka wa kumi sasa. Alimgeukia Waisiko.

"Mjukuu wangu, zikate wiki hii hii, usingoje. Zining'inie juu ya moshi jikoni zikauke. Lakini kabla ya kumpa baba yako, niletee nizione."

"Sawa, bibi," Waisiko alijibu. Moyoni alijisemea kwamba bibi kizee wa watu hawezi kumfundisha yeye fimbo.

Wiki ya kwanza ikapita. Kulikuwa na ng'ombe, kulikuwa na mitihani, na mvua ilinyesha. Wiki ya pili ikapita pia. Fimbo ni kazi ya saa moja, aliwaza, kwa nini nijisumbue? Jumapili, zikiwa zimebaki siku tatu, ndipo alipochukua panga akaenda kwenye vichaka vya kando ya kijito. Akakata fimbo mbili za mti wa mkole, ndefu, zimenyooka vizuri. Akazimenya maganda, zikabaki nyeupe. Akazipinda. Ziliruka, zikarudi. Akazipunga, zikalia.

Njia ya kurudi ilipita mbele ya nyumba ya Bibi Scholastica. Mlango ulikuwa wazi. Waisiko alizitazama fimbo zake, bado zina unyevu mkononi. Alijua bibi atasema ni mbichi, na atamuuliza alikuwa wapi wiki mbili zote. Akapita nyuma, kupitia shamba la mihogo.

Tata alizipokea, naye akafanya vilevile kama mtu aliyekulia zizini. Akaipinda moja, akaiachia, akaipunga. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza, alicheka.

"Hii ni fimbo," alisema. "Huyu mtoto ana jicho."

Christina alitoka jikoni akifuta mikono. "Bibi Scholastica ameziona?"

"Ndiyo, mama," alisema Waisiko. "Ameziona. Amesema ni nzuri."

Jumatano Christina aliondoka alfajiri. Alitangulia ili aandikishe jina la mume wake na kumshikia nafasi kwenye foleni. Bahasha yenye picha ya eksirei ya mguu alikuwa ameifunga ndani ya kitenge. Waisiko na baba yake walitoka kulipopambazuka.

Walipanda kilima vizuri. Tata alitoa jasho, akapumzika, akaendelea. Kwenye kupanda, uzito mwingi uliukalia mguu mzima. Walipofika juu, jua lilikuwa limeshachomoza, na kule chini wakaliona bati la zahanati. Tata alisimama akalitazama.

"Saa nne tutakuwa tumeingia," alisema.

Kisha wakaanza kushuka. Hapo sasa mwili wote ukaja mbele, ukazikalia fimbo. Waisiko alikuwa nyuma yake, akaona kitu alichokuwa hajakiona pale uani penye tambarare. Kila Tata alipozikita, fimbo zilipinda. Zilifanya tumbo kwa nje, halafu zikarudi, na zikirudi zilimsukuma.

"Zinanikwepa," Tata alisema taratibu, kama mtu anayeongea peke yake.

"Tata, turudi?"

"Kurudi wapi? Nishike shati kwa nyuma."

Alimshika shati. Hatua kumi, hatua ishirini. Kwenye jiwe moja lenye maji ncha ya fimbo ya kulia iliteleza, na ya kushoto ikapokea uzito wote. Haikukatika. Ilijikunja tu, kama bua la mhindi linavyolala. Tata akaenda chini na shati likamponyoka Waisiko. Mguu mbovu ndio uliotangulia kwenye jiwe.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye tope, uso umekuwa wa rangi ya majivu, akasema, "Katafute mtu."

Waisiko alikimbia akiita. Nyumba alizozipita zilikuwa na watoto tu, maana watu wazima walikuwa mashambani na machimboni. Mwisho alimkuta Luhaga akiosha mchanga wa dhahabu kwenye karai. Luhaga ni Msukuma aliyekuja kutafuta riziki huku, na aliwahi kuchimba shimo moja na Tata. Hakuuliza maswali mengi. Aliacha karai na mchanga wake, akamfuata.

"Mura, umenenepa ukikaa," alimwambia Tata alipomwinua mgongoni, kwa kumtia moyo.

Walishuka kwa kupumzika kila baada ya hatua chache. Walipoingia uwanja wa zahanati ilikuwa saa nane na nusu. Watu walikuwa wameshatawanyika. Christina alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, bahasha mapajani.

"Wameita jina lako mara tatu," alisema. "Mara ya nne nikaingia mwenyewe na picha. Daktari akaniambia hawezi kutibu picha."

Muuguzi aliugusa mguu, akaufunga, akatoa dawa za maumivu. Daktari angerudi lini? Hakujua. Labda mwakani. Na mwakani, alisema bila kuwatazama, mguu utakuwa umeshakomaa.

Kesho yake mchana Bibi Scholastica alikuja kuwaombea. Alikaa, akasali. Tata alilala kwenye mkeka akiangalia ukutani. Christina alivumilia, halafu ikamshinda.

"Bibi, nisamehe, ila nina jambo moyoni. Wewe umetembelea fimbo miaka yote hii. Uliziangaliaje zile, mpaka ukasema ni nzuri?"

Bibi Scholastica alimtazama Waisiko aliyekuwa amesimama mlangoni. Kwa neno moja tu angejisafisha, lakini hakulisema. Alikunja mikono juu ya goti lake bovu akangoja, na Christina akazidi.

"Tulikuamini. Ningejua, ningekodi vijana hata kwa kukopa. Wewe mtu wa sala, bibi."

Waisiko aliingia ndani, akasimama mbele ya mama yake.

"Hakuziona," alisema Waisiko.

"Nini?"

"Bibi hakuziona, mama. Nilipita nyuma, kwenye mihogo. Nilizikata Jumapili, zilikuwa mbichi. Nilidanganya."

Christina aliinuka na kuchukua mwiko uliokuwa karibu.

"Muache," Tata alisema kutoka kwenye mkeka. "Hata mimi nilizipinda kwa mikono yangu nikazisifu. Kumpiga hakutanirudishia Jumatano."

Mwiko ukabaki mkononi mwa Christina. Aliuangalia kama hajui ni wa nini. Kisha akamgeukia Bibi Scholastica, akapiga magoti, akasema, "Nisamehe, mama," akaenda jikoni. Moto haukuwa umewashwa, lakini alikaa humo muda mrefu.

"Kesho ukishawarudisha ng'ombe uje na panga," Bibi Scholastica alimwambia Waisiko. Hakumkemea, wala hakumwita mjukuu.

Kesho yake walipanda polepole upande wa mawe, mbali na kijito. Bibi alivipita vichaka vyote ambavyo Waisiko angevichagua. Alisimama mbele ya mti mdogo uliokua kwa shida katikati ya miamba, ambao watu huukata kwa mipini ya majembe.

"Huu, bibi? Haupindi huu."

"Unataka upinde kwa nini?"

Waisiko aliusukuma kwa mkono, ukabaki palepale.

"Fimbo ya ng'ombe inapiga, kwa hiyo lazima icheze," Bibi alisema. "Hii itabeba baba yako. Ikicheza, imemwangusha. Kata."

Kukata kulimtoa malengelenge. Nyumbani kwa bibi walizilaza fimbo juu ya mawe mawili, moja baada ya nyingine, na bibi akamwamuru asimame katikati ya kila moja na kuruka kidogo. Hazikushtuka. Ziliwekwa juu ya moshi majuma matatu, na kila siku Waisiko alizigeuza. Zilipokauka, bibi alimtuma akampime Tata akiwa amesimama na viatu, ili mkono ukishika fimbo kiwiko kijikunje kidogo tu. Sehemu ya kushikia wakaizungushia mpira wa tyubu. Chini wakapigilia kipande cha tairi, kwa sababu mti mtupu hauna urafiki na jiwe lenye maji.

"Umekwisha kujua fimbo," Bibi Scholastica alisema walipomaliza. "Sasa nisikilize, mjukuu wangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu siku ile. "Kutojua si dhambi. Ulijua fimbo za ng'ombe, hukujua hizi, na baba yako vilevile. Ungepita mlangoni kwangu, ningeziona kwa kutupia jicho tu. Jumapili ile ile tungetafuta njia nyingine, hata hao vijana wa machela. Uongo wako ndio uliotunyima siku tatu. Nimemwomba Mungu akusamehe, na amekusamehe. Lakini mguu wa baba yako hautanyooka, na sitakuambia kwamba utanyooka. Utaishi ukiuona. Kila ukitaka kusema ndiyo wakati ni hapana, uutazame kwanza."

"Nimesikia, bibi."

Jioni hiyo, kabla ya jua kuzama, Waisiko alimpelekea Tata fimbo zake. Zilikuwa nzito na nyeusi kwa moshi. Tata hakuzipinda safari hii. Alizikita chini, akaziegemea kwa nguvu zake zote, akangoja, kisha akasimama.

Alikipita choo, akalipita zizi, lililokuwa limebaki na ng'ombe wawili baada ya mmoja kuuzwa kwa ajili ya dawa, akaenda mpaka mteremko unapoanzia. Mguu ulitupa unyayo upande, na utaendelea kuutupa hivyo. Machimboni hatarudi, kila mtu alijua. Alianza kushuka kidogo. Waisiko alimfuata nyuma, bila kumshika. Hakuangalia mguu wala mgongo wa baba yake. Aliziangalia zile fimbo mbili, moja na nyingine, kwa kila hatua, mpaka Tata alipogeuka na kuanza kurudi nyumbani.