Mwenye Alichagua Orlane

Wandugu, salama? Mulio nyuma mutulize midomo, na ule mutoto mumupe ziwa anyamaze. Hii mambo haipendi kelele, inaweza kuitika.

Kule Mutanga Sud, mutaa wa wakubwa, wakati wa vita, kulikuwa bibi mumoja, Orlane, mwenye couvre-feu, ile amri ya kutotoka usiku, ilimufurahisha. Wengine walilalamika, ye alishukuru: saa yake ikifika, hakuna mwanaume wa kutoka, na bwana yake Bonfils hawezi kufika Bwiza, mutaa wa Waislamu. Kule kulikuwa Zubeda, mushonaji, mutoto wa muuza mandazi, mwenye Bonfils alipenda tangu zamani. Lakini baba ya Bonfils alikataa. "We umesoma. Tutakutafutia mutoto wa watu wenye tunafanana nao." Njo wakamuletea Orlane, binti ya mukubwa wa ofisi.

Siku moja Orlane akanusa udi kwenye shati ya bwana. Kumbe Bwiza alifika muchana, na wivu ikamuingia. Akaenda sokoni, akanunua udi, akafukiza chumbani kama wanawake wa Bwiza, ili bwana amunuse naye. Lakini ye alikuwa mutoto wa misa. Hakuna mutu alimufundisha kama udi haifukizwi bila kutaja Mungu. Alifunga mulango, akataja jina moja tu, kwa kinyongo: Zubeda.

Kesho yake mutu alicheka jikoni. Hamukuwa mutu.

Jioni ile, mulango ikiwa na komeo na askari wakipita barabarani, alisikia Bonfils anaongea pole pole kwenye salon ya wageni, na sauti ya mwanamuke inamujibu, na harufu ya udi ikaanza kutembea kwenye koridori, inakuja, inasimama, inamupumulia shingoni, inamuuliza, "We ulifuata nini humu?"

Asubuhi wakamuita Mwalimu Sulemani, mufundisha Kurani wa Bwiza. Akasoma, akamunyunyizia Orlane maji, jini ikaongea kwa kinywa yake: "Mi niliitwa kwa jina. Huyu, nani alimuita?"

"Inataka nini, Mwalimu?" Bonfils akanong'ona.

"Kitu kidogo, mwanangu. Sema mbele yake kama we mwenyewe njo ulichagua huyu bibi. Itatoka. Lakini usiidanganye, uongo inaijua kuliko padri wenu."

Orlane akarudi kwenye sauti yake, akamushika mukono. "Sema tu, Bonfils. Hata pole pole."

Bonfils akamutazama, akakohoa.

"Muzee wangu alichagua vizuri," akasema.

Mwalimu akafunga kitabu. Kinywa ya Orlane ikacheka sana, na macho yake ikalia.

Mi nasimama sasa, nifike kwangu Kinama mbele giza haijaingia. Nitapita tena hapa, na kila bwana aniambie ye angesema nini.