Raba Zilizopimwa kwa Kijiti

Huko Matombo, milimani, mtu akishuka mjini hununua viatu vya nyumba nzima. Wenye miguu hubaki shambani. Kila mmoja hukanyaga chini, akapimwa kwa kijiti toka kisigino mpaka kidole kikubwa, na kijiti kikakatwa papo hapo. Mnunuzi huvitia vijiti mfukoni, akaenda navyo Morogoro. Kiatu kikikubali kijiti, basi kimepatikana.

Ndivyo Mzee Bonifasi alivyomnunulia binti yake Riziki raba za kukimbilia. Riziki alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya kulinda misitu. Sharti moja lilikuwa gumu: kukimbia kilomita tano, bila kutembea hata hatua. Zilibaki wiki saba.

Bonifasi alichagua mtumba mwekundu, soli nene kama mkate.

"Haya, mwanangu," alisema akicheka. "Sasa ukishindwa, usisingizie miguu."

Riziki akahamia Mafiga, mjini Morogoro, kwa Bibi Yustina, mama yake Bonifasi, apate barabara ya tambarare. Kila alfajiri alikimbia. Wiki ya kwanza alirudi akiimba. Wiki ya pili alirudi kimya. Wiki ya tatu alirudi akishika ukuta.

Asubuhi hiyo bibi alikuwa anachambua mchicha uani.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Nina nyumba mbili. Kila moja ina wapangaji watano, na mlango wao ni mmoja."

Riziki akawaza kidogo. "Viatu na vidole!"

"Umepata. Sasa mbona wapangaji wako wanalia?"

Riziki akaficha mguu, lakini alikuwa amechelewa. Ukucha wa kidole kikubwa ulikuwa mweusi.

"Bibi, tafadhali, usimwambie baba. Alizinunua kwa furaha sana."

"Baba yako nilimzaa mimi. Akiumia moyo atapona. Mguu wako ukiharibika, usaili hausubiri." Bibi akaelekea kwenye ua wa michongoma. "Shakila! Mama, njoo umwone mjukuu wangu!"

Shakila alikuwa jirani yao. Kazi yake hospitalini ilikuwa kuwasaidia wagonjwa kwa mazoezi ya viungo, na mwenyewe alikimbia na wenzake kila Jumamosi. Alimbonyeza Riziki kwenye muundi, mbele ya mguu chini ya goti. Riziki akaruka.

"Pole, mdogo wangu. Lete raba zako."

Akabonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Soli haikubonyea.

"Unaona mikunjo hii? Sponji ya ndani ya soli imekufa. Mwenye raba wa kwanza aliimaliza. Ukikimbia, kila hatua ardhi inakupiga. Sponji nzima hupokea sehemu ya pigo hilo. Hii haipokei kitu, yote inakuachia wewe."

"Lakini soli yake ni nene," alisema Riziki.

"Nene siyo laini. Hata tofali ni nene."

Hapo hapo mlangoni pakasikika hodi. Bonifasi aliingia na mkungu wa ndizi begani. Riziki akazivaa raba haraka, akasimama na kutabasamu. Alipiga hatua mbili, uso ukakunjamana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unachechemea nini?"

Bonifasi akaushusha mkungu polepole. Alimtazama mama yake, akamtazama Shakila, akaziona raba.

"Nilipima mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulipima vizuri, mzee wangu," Shakila akasema. "Lakini kijiti hakivai soksi. Hakivimbi jioni. Hakikimbii. Mguu unapokimbia husogea mbele, na hapa mbele hamna nafasi."

Bonifasi akakaa kwenye kigoda. "Basi nimemwumiza mwanangu."

"Umempenda mwanao," alisema Bibi Yustina. "Kosa ni la kijiti. Kula ndizi."

Shakila alimpumzisha Riziki siku nane, asikimbie hata kidogo. Maumivu yalipoisha, wakaenda wote sokoni alasiri, wakati miguu imeshapanuka kwa kutembea. Riziki alibeba soksi zake za mazoezi.

Muuza mitumba, Kondo, aliwapokea kwa shangwe. "Karibu, dada! Chukua hii, inawaka kama pilipili!"

"Rangi haikimbii, Kondo," alisema Shakila.

Riziki akajaribu jozi moja laini mno. Bonifasi akaibonyeza, akafurahi. "Hii ni godoro kabisa!"

"Godoro ni la kulalia, mzee. Mtazame kifundo."

Kweli, kila Riziki alipokanyaga, mguu uliyumba upande. Wakaiacha.

Jozi ya nne ilikuwa ya kijivu, imepauka. Lakini sponji ilibonyea, ikarudi. Shakila akaikunja: ilikunjika pale vidole vinapokunjika, siyo katikati kama karatasi. Riziki akavaa zote mbili, akafunga kamba. Kisigino hakikuchomoka.

Bonifasi akapiga magoti mavumbini. Akaweka kidole gumba chake mbele ya kidole kirefu cha binti yake.

"Panaenea gumba langu," alisema. "Sawa hivyo?"

"Sawa kabisa," alijibu Shakila.

"Kimbia basi, tukuone!" alipiga kelele Kondo. Riziki akakimbia kati ya meza za viatu, watu wakimpisha na kumshangilia.

"Unasikiaje?" aliuliza baba.

"Sisikii kitu, baba."

"Ndiyo vizuri hivyo," alisema Shakila. "Sasa anza pole pole. Kimbia leo, kesho pumzika. Kiatu kinasaidia tu, siyo dawa. Maumivu yakirudi, simama. Yakikaa, njoo hospitali."

Riziki akatii. Alianza kwa kukimbia kidogo na kutembea kidogo. Siku nyingine aliona anachelewa, akataka kulia. Lakini muundi haukuuma tena, na umbali ukaongezeka.

Siku ya usaili, Bonifasi alikuwa Matombo akipalilia. Simu ikalia.

"Baba, nimemaliza. Sikutembea hata hatua."

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa kumi na moja."

Bonifasi akalilaza jembe chini. "Na wanachukua wangapi?"

"Kumi na wawili."

Bibi Yustina alikuwa amesimama kando ya Riziki. Alisema baadaye kwamba ukelele wa furaha wa Bonifasi aliusikia bila simu, ukishuka wenyewe kutoka milimani.