Mapipa Yaliyoachwa Wima

Kila siku ya kuswaga ng'ombe, kazi ya Tilda ilikuwa kujaza mafuta kwenye ndege ndogo ambayo baba yake aliirusha kuwakusanya ng'ombe hao. Ilikuwa kazi nyepesi yenye masharti mawili: jioni mapipa yalazwe ubavu, ili maji ya mvua yasituame juu na kupenya kwenye kifuniko, na asubuhi mafuta yachujwe kuondoa maji.

Jioni iliyopita aliyaacha wima, akakimbilia bwawani kuogelea. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi akamimina mafuta bila kuchuja, maana kuchuja kunachosha na uvivu haukosi sababu. Baba yake, Angus, aliyekuwa na haraka, akamuuliza kama amechuja. Tilda akaitikia bila kupepesa macho.

Sasa alikuwa ndani ya lori na shangazi yake Noreen, wakiitazama ndege ikiwafukuza ng'ombe chini kabisa, magurudumu yakikaribia kugusa vichaka. Mara injini ikakohoa, kisha ikaendelea kunguruma. Shangazi akasema huenda ni vumbi.

Tilda alijua si vumbi. Akisema, baba atajua amedanganywa. Asiposema, injini itazima pale chini, mahali ambapo rubani hapati hata nafasi ya kuchagua pa kutua. Akakinyakua kipaza sauti cha redio.

"Baba, panda juu. Mafuta yana maji. Mapipa niliyaacha wima na sikuchuja. Nilikudanganya."

Ndege ikaendelea kuruka chini vilevile. Tilda akadhani amechelewa. Kisha ndege ikainua pua, ikapanda, ikazidi kupanda, na huko juu injini ikazima. Shangazi akaanza kusali. Ndege ikashuka bila sauti, ikavuka miti, ikagonga uwanda mtupu ng'ambo, gurudumu likavunjika, ikasota hadi ikasimama.

Walimkuta Angus ameketi chini ya bawa, damu ikimchuruzika usoni. Tilda alimkumbatia akilia.

"Hata mimi nina kosa," Angus akasema. "Haraka ilinifanya nisikague mwenyewe. Lakini sikiliza, mwanangu. Ungeniambia asubuhi, ningekufokea, tungemwaga mafuta, yangekwisha. Kusahau pipa, nani hasahau? Kuficha ndiko kulikotaka kunizika."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Ukweli wako umechelewa, ila umenikuta ningali hai. Siku nyingine usiucheleweshe, maana hautamkuta mtu."