Sahani Nyuma ya Pipa

Kila siku alasiri, kengele ya shule ikigongwa, Khatija alikuwa wa kwanza kutoka mlangoni. Hakukimbilia kucheza. Alikimbilia jikoni kwao, mkoba ukimpigapiga mgongoni, na kabla hajavua viatu alikuwa keshaanza kupepea makaa.

Msimwonee huruma bado. Kazi hiyo aliiomba mwenyewe.

Ulikuwa mwaka 1944, wakati wa vita. Khatija alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na familia yake iliishi Mji wa Kale, Mombasa, katika kichochoro chembamba ambamo majirani walipeana chumvi kwa kunyoosha mikono tu dirishani. Mama yake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku kumi zilizopita. Kwa desturi, mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hapiki, hafui wala hachoti maji. Basi nani angepika? Dadima, yaani nyanya yake Khatija mzaa baba, alikuwa na ugonjwa wa magoti. Kusimama kwake kulikuwa kazi, na kuinama kulikuwa adhabu.

"Aache shule," Dadima alisema siku ile mtoto alipozaliwa. "Msichana akishajua kusoma barua, inatosha. Anataka nini zaidi?"

Khatija alitaka mengi zaidi. Alipenda hesabu kama watoto wengine wanavyopenda halua. Alimshika baba yake mkono huku machozi yakimtiririka.

"Bapa, nitasoma na nitapika. Wallahi nitaweza!"

Baba yake, Bwana Abdulgani, alikuwa na duka la kamba, kufuli na misumari. Bandari ya Kilindini ilikuwa imejaa meli, na yeye hakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Kila siku alifunga duka magharibi, akaenda msikitini, akaja nyumbani kula, kisha akarudi dukani kufunga mizigo ya watu. Alimfuta binti yake machozi.

"Haya," alisema. "Nikitoka msikitini magharibi nikute chakula tayari. Ukiweza hivyo mpaka arobaini iishe, shule utaendelea nayo. Ukishindwa, nitamsikiliza Dadima."

Siku za kwanza Khatija alijikaza kisabuni. Lakini jiko lilikuwa moja na sufuria zilikuwa tatu: ya wali, ya mchuzi na ya mboga. Moja ikiiva, nyingine ilikuwa imepoa. Mara mbili baba alirudi kutoka msikitini akakuta wali mbichi. Alikula mkate kwa chai, akarudi dukani. Uso wa Dadima ulisema mengi.

Jumatatu ya wiki ya pili mchele uliisha. Siku hizo mchele ulikuwa wa kupimiwa, ukiisha umeisha. Baba aliacha tambi jikoni, zimefungwa katika gazeti, pamoja na nyama kidogo. Khatija hakuwahi kupika tambi. Alizijua za sukari tu, zile ambazo mama yake alipika sikukuu. Alizitazama, akajiambia, "Mbona rahisi? Nitazipika kama wali."

Na kweli alizipika kama wali. Alizikatakata, akaziosha mara tatu kwa maji mengi, akaziroweka kama mchele, akakaa ngazini kufanya hesabu zake. Loo! Alipozitia sufuriani na kufunika, zikageuka uji. Alikoroga, mwiko ukasimama wenyewe. Gundi ile ingeweza kubandika karatasi ukutani.

Jua lilikuwa linakuchwa. Khatija alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Hodi! Hodi humu!"

Alikuwa Bi Mwanakhamis, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama wa makamo aliyeishi kwa kutengeneza tambi na kuziuza, hata zile za baba zilitoka kwake. Alisimama mlangoni na sahani kubwa ya bati, nyeupe yenye maua mekundu, imefunikwa kwa kawa.

"Masalkheri, mwanangu. Mpelekee mama hii, azidi kupata nguvu. Siingii, nimeacha jiko linawaka."

Khatija alipokea, akashukuru, akafunua kawa. Ndani mlikuwa na tambi! Nyekundu, zimechambuka moja moja, zimechanganyika na nyama na vitunguu, zinanukia tui la nazi. Hapo ndipo shetani alipomvuta nguo. Sauti ya mwadhini ilikuwa tayari inasikika. Haraka haraka alimwaga gundi yake shimoni uani, akasugua sufuria, akazimimina humo tambi za Bi Mwanakhamis. Mama akamtilia kibakuli kidogo. Lakini ile sahani je? Kila mtu kichochoroni aliijua. Akaisukuma nyuma ya pipa la maji uani, akarudi mbio.

Baba alikula tonge la kwanza, akaacha kutafuna.

"Mashallah! Nani kapika?"

Swali hilo lilikuwa jepesi kabisa. Jibu lake lilikuwa jepesi pia, lakini ulimi wa Khatija uliteleza.

"Mimi, Bapa."

"Wewe? Peke yako?"

"Ndiyo, Bapa."

Baba alicheka kwa furaha ambayo Khatija hakuwa ameiona tangu vita vianze. "Dadima umeonja? Na ninyi mnasema kalamu inaharibu mikono! Jumatano namleta rafiki yangu Tayebali. Amemtoa binti yake shule, na kila siku ananisumbua nami nimtoe wangu. Aje ale tambi za Khatija, kisha anyamaze!"

Dadima alitafuna polepole, akimtazama mjukuu wake. "Tamu," alisema. Basi, neno moja tu.

Usiku ule Khatija hakufungua daftari. Furaha ya baba yake ilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Jumatano! Angepika nini Jumatano?

Kesho yake, alipotoka shule, alipitia kwa Bi Mwanakhamis. Alimkuta uani akianika tambi kambani.

"Shikamoo, Bi Mwanakhamis."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka? Mama hajambo?"

"Hajambo. Bi Mwanakhamis, nilikuwa naomba... kesho unipikie tambi kama zile. Vitu vyote nitaleta mimi. Ila usimwambie mtu."

Bi Mwanakhamis aliacha kuanika. "Nisimwambie mtu nini?"

Khatija akaangua kilio, na maneno yote yakamtoka: mchele kuisha, kuosha tambi, gundi, sahani, baba, mgeni, shule. Bi Mwanakhamis alisikiliza mpaka mwisho, lakini aliposikia pale pa kuosha hakuweza kujizuia, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Umeziosha mara tatu! Masikini tambi zangu! Haya, futa machozi. Kukupikia ukaseme umepika wewe, hilo siwezi. Kukufundisha naweza, sasa hivi. Sufuria moja tu, na baba yako akitoka msikitini mnakula."

"Na ule uongo niliousema?"

"Huo haupikwi, mwanangu. Huo husemwa, na mwenye kuusema ni wewe."

Alimkalisha Khatija kwenye mbuzi ya nazi, naye akakuna mwenyewe huku Bi Mwanakhamis akiwasha jiko. Khatija alijifunza kukamua tui zito akaliweka kando, kisha jepesi. Alijifunza kukatakata tambi kavu, bila tone la maji, na kuzikaanga kwa samli akizigeuza bila kupumzika mpaka ziwe rangi ya udongo. Akazitoa kwenye sinia. Katika sufuria ile ile akakaanga vitunguu, akatia kitunguu thomu, nyama iliyokatwa ndogo ndogo, nyanya, chumvi na bizari, akaacha nyama iive.

"Ukisikia mwadhini," Bi Mwanakhamis alisema, "hapo ndipo urudishe tambi. Tia tui jepesi lizipite kwa pingili moja ya kidole, si zaidi. Nyunyiza lile zito juu. Funika, punguza moto chini, weka makaa mawili matatu juu ya kifuniko. Kisha nenda ukasali."

"Nisikoroge?"

"Ebo! Ukikoroga utapata gundi yako tena. Usifunue! Baba yako yuko msikitini, wewe uko kwenye msala, na tambi ziko kwenye moto. Ukishatoa salamu, ipua."

Walizila pamoja uani kwa Bi Mwanakhamis, na zilikuwa nzuri, ingawa upande mmoja ziliungua kidogo. Khatija alipoinuka kuwahi kupika cha jioni kwao, jua halijachwa bado, Bi Mwanakhamis alimwita.

"Na sahani yangu?"

"Iko nyumbani. Nimeificha."

"Sawa. Utaniletea utakapokuwa na kitu chako cha kutia ndani." Kwao, kama kwa majirani wote wa kichochoro kile, sahani ya mtu hairudishwi tupu.

Jumatano Khatija alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Mwadhini alipoanza, alirudisha tambi, akapima tui kwa kidole, akafunika, akapanga makaa juu ya kifuniko. Alisali huku pua yake ikisikiliza jikoni, Mungu amsamehe. Alipotoa salamu alikwenda kufunua. Tambi zilikuwa zimesimama moja moja, zinang'aa! Alitaka kupiga vigelegele. Aliziweka kwenye sinia wakati ule ule ambapo sauti za wanaume zilisikika ngazini.

Bwana Tayebali alikuwa mzee mnene mwenye ndevu nyeupe na kauli nzito. Alinawa, akakaa, akala. Akaongeza. Akaongeza tena. Dadima, kwa umri wake, hakuwa na haja ya kumkimbia mgeni mwanamume, na alikaa pembeni na tasbihi yake akitazama.

"Abdulgani," alisema Bwana Tayebali akifuta ndevu, "nimeshindwa. Huyu mtoto anasoma mchana kutwa, na jioni anapika hivi?"

"Si nilikwambia!" Baba alijaa kiti kizima kwa fahari. "Hata juzi alizipika, na zilikuwa vivi hivi. Siyo, Khatija?"

Sasa tazameni mtego wenyewe. Tambi za leo zilikuwa zake kweli. Hakuna ambaye angejua. Angeitikia kwa kichwa tu, mambo yangekwisha, shule angeendelea nayo. Alimtazama baba yake, mtu anayefanya kazi toka alfajiri hadi usiku, ambaye amejisifu kwa rafiki yake kwa neno lake yeye. Akaona hawezi kumwacha ajisifu kwa uongo.

"Siyo, Bapa," alisema, na sauti ilikuwa nyembamba. "Za leo nimepika mimi. Za juzi hapana. Za juzi zilikuwa za Bi Mwanakhamis, alimletea mama. Zangu ziliharibika nikazimwaga. Niliogopa utanitoa shule, nikasema uongo."

Bwana Tayebali alitazama sinia. Baba uso wake ulibadilika, fahari ikatoka, ikaingia haya, na haya ile ilimuuma Khatija kuliko kofi.

"Mbele ya mgeni," baba alisema taratibu. "Umeniacha niseme mbele ya mgeni."

"Nisamehe, Bapa."

Dadima aliweka tasbihi chini. Alishika ukuta, akainuka na magoti yake mabovu, akatoka uani. Aliporudi alikuwa ameshika sahani nyeupe yenye maua mekundu, imesuguliwa mpaka inameta.

Khatija alitumbua macho. "Dadima! Ulijua?"

"Mjukuu wangu mjinga," alisema Dadima, "natawadha mara tano kwa siku kwenye pipa lile. Ulidhani nimefumba macho? Niliiona jana alfajiri. Nikaiosha, nikairudisha pale pale."

"Kwa nini hukusema?" baba aliuliza.

"Nilikuwa nangoja." Dadima alikaa, akaiweka sahani mapajani. "Nimekuwa nikisema shule itamharibu. Nikajiambia, haya, leo nitaona imemfundisha nini. Akinyamaza, kesho nitatoa sahani hii na shule itakwisha. Tena amepika vizuri, angeweza kunyamaza! Kumbe amesema, na amesema wakati uliokuwa mgumu kuliko yote." Alimgeukia mwanawe. "Kuharibu chakula si dhambi, Abdulgani. Sote tumeunguza. Mimi mwaka nilioolewa nilimpikia baba yako biriani ikawa mkaa. Kosa ni kulifunika kosa, maana ukilifunika hujifunzi. Juzi alificha, akabaki hajui kupika. Jana nilimsikia ukutani akimwambia Mwanakhamis ukweli, leo tumekula. Huyu mwache asome."

Bwana Tayebali alikohoa. "Binti yangu mimi," alisema kama anayezungumza na sinia, "anajua kupika. Lakini sijui kama angesema." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Labda nami nimfikirie upya."

Baba alinyoosha mkono, akamvuta Khatija karibu. "Ukiharibu tena, niambie. Nitakula mkate na chai, sitakufa. Lakini nisidanganywe nyumbani kwangu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bapa."

Tambi zilikuwa zimebaki. Dadima alizipakua mwenyewe katika ile sahani ya maua mekundu, akafunika kawa, akamshika Khatija bega, wakateremka ngazi moja moja hadi mlango wa jirani.

"Hodi, Mwanakhamis! Tumekuletea sahani yako."

Bi Mwanakhamis alifunua kawa, akanusa, akainua nyusi. Dadima ndiye aliyesema.

"Kapika Khatija. Mimi ni shahidi."

Asubuhi yake Khatija aliamka akakuta mkoba wake hauko pale alipouacha. Alitoka mbio hadi ngazini, na hapo akamkuta Dadima ameketi, magoti ameyanyoosha, mkoba uko mikononi mwake na daftari la hesabu limechomoza.

"Chukua," alisema Dadima. "Na ukimbie, utachelewa."