Ndala Mlangoni pa Edmond

Nyirarukundo alikutwa amekufa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkono wake wa kulia ukiwa umeng'ang'ania bomba la maji uani kwa Edmond, mtaa wa Mabanga. Miguu yake ilikuwa mitupu, ndani ya dimbwi. Kiganja kilikuwa kimeungua.

Vita vilikuwa vimemfukuza kutoka Masisi. Edmond, mwalimu wa umeme, na mkewe Léonie ndio waliompa hifadhi katika chumba cha nyuma, yeye na bintiye Bénédicte.

Inspekta Namegabe alimkuta binti ameketi chini.

"Ni mimi njo niliua mama," alisema. "Papa Edmond anasema waya ya resho yangu iligusa robine ya maji."

Namegabe aliipima waya ya lile jiko la umeme. Mita mbili. Kutoka jikoni hadi bombani, mita tisa. Mwalimu mzima, uongo wake haukufika hata nusu ya njia!

Nyuma ya bomba, rangi ilikuwa imekwanguliwa upya. Tundu dogo ukutani lilielekea chumbani kwa Edmond. Chini ya kitanda chake Inspekta akavuta waya mrefu, ncha yake imeungua.

"Sawa, niliweka courant ya umeme kwa robine," Edmond alikubali. "Kuogopesha wezi wa maji tu. Mutu akivaa ndala haimuue. Ile ni ajali."

"Volti ngapi?"

"Mia mbili na ishirini."

"Na rezistansi, ule ukinzani wa mutu wa miguu mitupu, ndani ya maji?"

Edmond aliinua mabega.

"Tuseme omu elfu moja. Gawanya, mwalimu."

Mazoea ni kitu kibaya. Jibu lilimtoka kama yuko darasani. "Ampea sifuri nukta mbili mbili."

"Inaua?"

"Inaua."

"Zidisha kwa volti, nipate nguvu yake."

"Wati makumi ine na munane."

"Taa yako ya baraza ni wati sitini. Umeua mutu na courant yenye haitoshe hata kuwasha ile taa. Na ndala kavu, rezistansi inapanda, courant inakuwa kidogo sana. Hapo ulisema kweli. Sasa, ndala yake iko wapi?"

Edmond alitazama mlangoni. Léonie ndiye aliyejibu.

"Iko hapa kwa mulango. Jana magaribi bwana yangu alitoa amri mupya: wakimbizi batoe ndala kabla ya kuchota maji, banachafua simenti. Mama Bénédicte akamujibu, 'Aksanti, papa.'"

Namegabe alimgeukia mwalimu. "Juu ya nini ulifanya hivi, Edmond?"

"Mwaka muzima! Robine yangu, choo yangu, nangojea zamu sawa na mugeni! Nikisema batoke, Léonie anasema vita iishe kwanza. Vita ya huku inaisha?" Alifuta jasho. "Nilijua mumoja akikufa, mwingine ataondoka yeye mwenyewe."

"Yeyote?"

"Yeyote."

Alifungwa pingu. Inspekta akainama mbele ya Bénédicte. "Resho yako haikuue mutu, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia." Binti hakulia. "Lakini ilikuwa zamu yangu ya kuchota. Nilikatala kutoa ndala, chini kulikuwa baridi. Mama akasema, 'Usimukasirishe mwenye nyumba. Leta bidon ya maji, nitaenda mimi.'"

Ndala zake, alikuwa bado amezivaa.