Pengo la Jumanne

Jumanne, saa sita na robo mchana, Nicasio Simbrón alikutwa kifudifudi chini ya vanila zake, nje kidogo ya mji wa Papantla, kisogo kimepasuliwa kwa panga. Kufika saa saba wanakijiji walishamfungia ghalani Hilario, mkulima maskini aliyewahi kufumaniwa akiiba maganda ya vanila. Mpelelezi Remedios Olmos alipotaka kuondoka naye, wakaziba njia.

Akamhoji Leoncio, mdogo wa marehemu.

"Asubuhi yote ulikuwa wapi?"

"Shambani kwangu, nachavusha maua. Mke wangu kaenda kwao tangu jana mchana, nani mwingine angefanya?"

"Uliyachavusha yote?"

"Moja moja, kwa mwiba, mpaka mgongo ukaniuma. Mwanangu, unapoteza muda. Mwizi tunaye, tumchome tu!"

Remedios aliwaomba wanakijiji siku tatu za kuchunguza. Walimpa kwa shingo upande.

Ijumaa saa nne asubuhi alisimama na Leoncio na mkewe, Eulalia, mbele ya vanila zao. Kila shada hufungua ua moja kwa siku, na ua lisipochavushwa kabla ya adhuhuri hudondoka baada ya siku mbili tatu.

"Mama, nisomee shada hili."

"Ua hili la Jumatatu, nililichavusha ndipo nikasafiri. Hili la Jumatano, nilikuwa nimerudi alfajiri." Kidole chake kikasimama katikati, penye kovu tupu. "La Jumanne limeanguka."

"Na shada lile?"

"Limeanguka." Akapita mashada kumi, kisha akamgeukia mumewe. "Yote, Leoncio. Hukugusa hata moja."

Leoncio alifoka. "Vanila zile alizipanda mama yetu, kaka akazichukua zote! Nilimwomba nusu tu. Akanicheka. Akasema, ‘Wewe hata kuchavusha hujui, mkeo ndiye mwanamume.' Nikamkata akiwa bado anacheka."

Remedios alimtia pingu, akakimbilia ghalani.

Hilario alikuwa hai. Ili akiri, wanakijiji walimvunja vidole vyote kumi, kimoja kimoja, kwa siku zile tatu. Remedios alijichukia: tangu Jumanne alimshuku Leoncio, akakaa kungoja maua yadondoke.

"Saa ngapi?" Hilario aliuliza.

"Saa tano."

"Basi bado mapema. Niachie nikachavushe maua yangu," akasema, akainua mikono ili afunguliwe kamba.