Britta na Orodha ya Nyumba za Dhoruba

Kila asubuhi kabla ya kengele, Britta Aasen alipitia chumba kidogo kando ya maktaba, akasikiliza kama seva, kompyuta kuu ya shule, inavuma sawasawa, kisha akaenda darasani. Chama cha kompyuta, ambacho yeye alikuwa mwanachama wake, ndicho kilichoitunza seva hiyo. Shule ya Brattvik, Dakota Kaskazini, iliitegemea kwa mengi, na kubwa kuliko yote ni orodha ya nyumba za dhoruba. Kila mtoto wa mashambani ana nyumba yake mjini ya kulala, theluji ikifunga barabara.

Wiki moja ya baridi wanachama waliweka mfumo endeshi mpya. Britta aliachiwa kazi ya mwisho: kupanga seva iwake kwa diski kwanza, na flashi yenye mfumo huo, iliyoachwa imechomekwa kama akiba, iwe ya pili. Kisha aizime na kuiwasha ili ahakikishe. Lakini mazoezi ya hoki yalikuwa yameanza, na seva yenyewe ilikuwa nzito kuamka kama mzee siku ya baridi. Britta akaichagua diski kwa mkono, kwa mara ile moja tu, bila kubadilisha mpangilio, akakimbia uwanjani.

"Umepanga na kujaribu?" Mwalimu Rolfsrud, msimamizi wa chama, alimwuliza kesho yake.

"Tayari, Mwalimu. Nimejaribu kabisa," alijibu bila kupepesa macho.

Mwalimu akaridhika. Wakaingiza orodha ya mwaka huu. Nakala yake ingetolewa Ijumaa.

Alhamisi mchana upepo ukageuka. Theluji ilivuma hata bendera ya uwanjani haikuonekana, na madereva wa mabasi wakakataa kuondoka. Umeme ukakatika. Jenereta iliponguruma, seva ikajiwasha yenyewe, na kwenye skrini yakatokea maandishi: "Weka mfumo mpya? Diski yote itafutwa."

"Diski imekufa, yaliyomo yote yameharibika," alisema Mwalimu Rolfsrud, uso umemsawijika. "Diski ndiyo ya kwanza. Ingekuwa hai, mashine isingefika kwenye flashi."

Mkuu wa shule, Bi. Hauge, alisimama mlangoni. "Mwalimu, ukumbi umejaa. Wadogo wanalia, simu hazishiki. Niambie, nani anaenda kwa nani?"

"Nitaifuta niweke mfumo upya, Bi. Hauge. Kisha tutawauliza watoto mmoja mmoja."

"Mtoto wa chekechea utamwuliza nini? Atakwambia anataka kwa mama!"

Mwalimu akavuta kibodi. Britta akaitazama skrini ile. Diski ilikuwa nzima, na yeye peke yake ndiye aliyejua.

"We Britta, mbona umekuwa mweupe kuliko theluji?" Dell Kvamme, mwenzake wa chama, alimtania. "Au ni wewe umeiua?"

Dell! Akisema mbele ya Dell, shule nzima itamcheka hadi majira ya kuchipua. Labda akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Kidole cha Mwalimu kikaenda kwenye kitufe.

"Mwalimu, usibonyeze!" Britta alipaza sauti hadi ikapasuka. "Diski haijafa. Sikuipanga kuwa ya kwanza. Sikujaribu chochote. Nilikudanganya."

Mwalimu akaondoa mkono kwenye kibodi, taratibu, kama mtu aliyeona nyoka.

"Basi kaa hapa uipange," alisema.

Britta akaketi. Akaizima mashine, akaingia kwenye mipangilio, akapandisha diski juu na kushusha flashi, akahifadhi. Seva ikawaka polepole mno. Skrini ikabaki nyeusi, Bi. Hauge akashika kifua. Mwishowe orodha ikafunguka, kila mtoto na nyumba yake.

"Izime uiwashe tena," Mwalimu akaamuru. Ikawaka vilevile. Ndipo Bi. Hauge alipoanza kusoma majina, na watu wa mjini, kama ilivyo desturi yao dhoruba ikianza, wakaja na kamba za kushikana njiani na taa kuwachukua watoto.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Britta alimfuata Mwalimu, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe, binti yangu. Ila sikiliza. Mimi leo sikukosea hata hatua moja. Nilifikiri vizuri kabisa, lakini kwa kutegemea neno lako. Ukimdanganya mtu mwaminifu, unamfanya atende kosa kwa mikono yake safi. Kidole kile kilikuwa changu, Britta, na watoto wale ningewapoteza mimi."